Waliokuwa upande wa Mwalimu, na bado wakafungiwa

Novemba 1970, viongozi wa klabu moja ya wanafunzi pale Mlimani, Dar es Salaam, waliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo klabu yao haipo. Ilikuwa ni USARF, University Students' African Revolutionary Front, iliyoanzishwa Novemba 1967. Jarida lao, Cheche, nalo likafungiwa siku za maisha yake zikiwa bado za kuhesabika: toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969.

Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, chuoni tayari kulikuwa na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, kwa hiyo chombo kingine cha siasa hakihitajiki. Pili, jina la jarida lilifuata lile la gazeti la Lenin, Iskra, yaani cheche kwa Kirusi, wakati Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe, haijengi wa Kirusi.

Hakuna aliyepelekwa jela.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na kila nikidhani nimelimaliza linarudi. Hawa hawakuwa wapinzani. Walilitetea Azimio la Arusha kwa bidii iliyowashinda mawaziri. Kama serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa inatafuta vijana wasomi walioamini ujamaa kutoka moyoni, basi ilikuwa nao, pale pale kilimani, na wala hawakuwa wanalipwa. Sasa kwa nini wafungiwe wao?

Vijana walioombwa, wakaja

Turudi nyuma kidogo, hadi tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango ulikuwa miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, wengi wao wa Mlimani. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Miezi mitatu na kitu baadaye likaja Azimio la Arusha.

Ndipo chuoni likaibuka kundi dogo lililosema: Mwalimu ana haki, sisi wasomi tumelelewa vibaya, na elimu tunayopewa hapa ndiyo inayotulea hivyo. Mwenyekiti wa kwanza wa USARF alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Ndani yake walikuwamo Watanzania, Waganda, Wakenya na wengine kutoka nchi za mbali zaidi. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu nao sana, ingawa klabu ilikuwa ya wanafunzi na waliiendesha wanafunzi.

Kwa hiyo swali langu si kwa nini serikali ya chama kimoja inazifunga klabu zinazoipinga. Hilo kila mtu analielewa. Swali ni kwa nini ilifunga klabu iliyoitikia wito wake.

Walikuwa wanafanya nini hasa

Ukisoma kuhusu USARF haraka haraka unabaki na sura ya vijana wenye maneno makubwa. Maneno walikuwa nayo, sikatai. Lakini klabu haidumu miaka mitatu kwa maneno, na kazi zao za kawaida ndizo zilizonifungua macho.

Waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Hayakuwa na alama wala cheti, na hayakuwa kwenye ratiba ya chuo. Mtu anapewa maandishi asome wiki nzima, Jumapili mmoja anaeleza, wengine wanamhoji. Fikiria maana yake kwa utawala wa chuo: chumba kimejaa, watu wanasoma, na hakuna mkuu wa idara aliyeidhinisha muhtasari wa somo.

Walikuwa na uhusiano wao na vyama vya ukombozi, FRELIMO kwanza kabisa. Dar es Salaam wakati ule ndiyo ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na baadhi ya wanachama, Museveni akiwa mmoja wao, walivuka Ruvuma wakaenda kuona maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji. Klabu ya chuo inapanga safari ya kwenda vitani. Hilo si jambo dogo hata kidogo.

Novemba 1968 walizuia Rag Day. Hii ilikuwa desturi ya vyuo vya Kiingereza: wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori, wanazunguka mjini wakichekesha watu na kukusanya fedha za hisani. USARF waliona ni kuwadhihaki maskini, kwani kuna watu wanaovaa matambara kwa sababu hawana kingine. Asubuhi ya siku yenyewe malori yalikutwa yametolewa upepo kwenye magurudumu. Shughuli ikafa.

Mimi naliona tukio hilo la malori kuwa muhimu kuliko linavyopewa uzito. Lilionyesha kwamba watu wachache waliojipanga wanaweza kubadilisha ratiba ya chuo kizima usiku mmoja, bila kibali cha mtu. Walikuwa sahihi kuhusu matambara, na nadhani viongozi wengi wa TANU walifurahi. Lakini mtawala mwenye akili akiona hivyo anajiuliza: na siku wakiamua kuzuia kitu changu?

Stensili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu leo mtu anaandika kwenye simu na kubonyeza, na ni rahisi kusahau kwamba jarida la klabu wakati ule lilikuwa kazi ya mikono. Cheche lilikuwa jarida la kudurufu.

Kazi ilianzia kwenye stensili, karatasi nyembamba iliyopakwa nta, yenye karatasi nzito nyuma yake. Unaipachika kwenye taipureta na kuondoa utepe wa wino usifanye kazi, ili herufi za chuma zigonge nta moja kwa moja na kuikata. Kila ukurasa una stensili yake. Ukigonga kwa woga herufi haipenyi, na kwenye nakala inatoka hafifu au haitoki kabisa. Ukigonga kwa nguvu, duara la herufi "o" linakatika lote na kudondoka, na nakala zote zinatoka na doa jeusi mahali pa "o". Ukikosea neno unapaka dawa ya kusahihishia, unasubiri ikauke, unagonga upya juu yake. Ukikosa subira, taipureta inachana stensili na ukurasa wote unaanza upya.

Stensili iliyokunjika inaacha mstari mweusi ukurasa mzima. Mchoro wa jalada unachorwa kwa kalamu ya chuma, polepole.

Kisha ndiyo unakwenda kwenye mashine ya kudurufu. Stensili inavishwa kwenye pipa lenye wino ndani, karatasi inapita chini, wino unapenya pale nta ilipokatwa. Joto na unyevu wa Dar vinaleta shida zao: karatasi zinanyonya unyevu, zinashikana, mashine inavuta mbili kwa mara moja, moja inatoka imechapwa na nyingine nyeupe. Wino usipokauka unahamia mgongoni mwa karatasi iliyo juu. Ukichapa upande wa pili kabla wa kwanza haujakauka, umeharibu kurasa mbili.

Piga hesabu sasa. Jarida la kurasa 60, kila karatasi ikichapwa pande mbili, ni karatasi 30. Nakala 500 ni karatasi 15,000, yaani rimu 30, na stensili 60. Baada ya hapo marundo 30 yanapangwa kwenye meza ndefu, watu wanazunguka wakiokota karatasi moja moja, mwingine anagonga, mwingine anapiga pini. Wachache wakiwepo, kazi inakesha. Wengi wakiwepo, lazima mmoja asimame kuhakiki mpangilio, maana akikosea mmoja kuokota, nakala nzima inakuwa na ukurasa wa 17 mara mbili na wa 19 haumo.

Nimeeleza yote haya kwa sababu moja. Klabu yenye jarida la kudurufu inahitaji vitu vinavyoshikika: taipureta, mashine, rimu za karatasi, wino, chumba chenye meza, na mtu mwenye ufunguo wa chumba hicho. Kila kimoja kina mwenyewe. Ukitaka kunyamazisha jarida la namna hii, huna haja ya kumkamata mwandishi. Unamwita mwenye ufunguo.

Na stensili iliyotumika ni ushahidi. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaisoma yote, na herufi za kila taipureta zina kasoro zake, "e" iliyopinda au "r" iliyokatika mguu. Kwa USARF hilo halikuwa hatari, kwani waandishi walisaini majina yao. Kwa wenzao wa Nairobi miaka kumi na kitu baadaye ilikuwa hatari ya maisha.

Julai 1970

Nilipokuwa nalifikiria hili nilikuwa nimeshikilia sababu ya itikadi: makala za Cheche zilikuwa zimekwenda mbali. Na kweli zilikwenda. Septemba 1970 toleo maalumu lilitoka na makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimya kimya ndani ya Tanzania yenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha si kumiliki, na kwamba urasimu unaweza ukawa tabaka. Kabla ya hapo, Desemba 1969, gazeti la chama, The Nationalist, lilikuwa limemshukia Rodney kwa tahariri kali kutokana na hotuba aliyoitoa chuoni.

Kwa hiyo maelezo yapo. Wamesema mengi mno, wakafungiwa.

Lakini tarehe hazikunipa raha. Rodney hakufukuzwa nchini baada ya tahariri ile. Alibaki anafundisha hadi 1974. Shivji aliendelea na chuo kikuu hicho hicho akawa profesa wa sheria. Kama tatizo lilikuwa maneno, mbona wenye maneno walibaki?

Kilichobadilisha mawazo yangu ni kuangalia kilichotokea chuoni miezi minne kabla. Hadi katikati ya 1970 Mlimani ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 chuo hicho kiligawanyika, na ikazaliwa University of Dar es Salaam, chuo cha taifa. Mkuu wa chuo akawa Rais mwenyewe. Makamu wake akawa Pius Msekwa, aliyekuwa katibu mtendaji wa TANU.

Hebu itazame USARF ikiwa katikati ya mabadiliko hayo. Juni, Mganda aliyekuwa kiongozi wa klabu pale Mlimani alikuwa mwanafunzi katika chuo kilicho chake pia. Julai, amekuwa mgeni katika chuo cha Tanzania. Klabu ni ile ile, watu ni wale wale, lakini ardhi waliyosimama imebadilishwa chini ya miguu yao. Tawi la vijana wa TANU ni la chama cha Tanzania, lina ngazi juu yake, na ngazi hizo zinaishia kwa Mwenyekiti wa chama. USARF haikuwa na ngazi juu yake.

Hapo ndipo nilipofika: waliwafungia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpigia simu. Mtu anayekuunga mkono kwa hiari yake anaweza kuacha kwa hiari yake, na USARF ilikuwa na darasa lake, mashine yake, wageni wake na safari zake. Tawi likikosea, katibu wa wilaya anaulizwa. Klabu ikikosea, nani aulizwe?

Nairobi

Mtu atasema nikiileta Nairobi hapa nalinganisha visivyolingana, na sehemu kubwa ya pingamizi hilo nalikubali. Kenya ya Moi ilikuwa hadithi nyingine.

Chama cha wanafunzi wa Nairobi, SONU, kilianza 1982. Agosti mwaka huo likaja jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga, chama kikapigwa marufuku, chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka, na wanafunzi wakarudishwa vijijini ambako walitakiwa kwenda kuripoti kwa chifu. Mwenyekiti wa SONU, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka 10 kwa uchochezi. Alifia gerezani 1988. Mhadhiri Maina wa Kinyatti alifungwa miaka 6 kwa kupatikana na waraka. SONU ilirudi 1987, na kabla mwaka haujaisha ikafutwa tena, na mwenyekiti wake, Wafula Buke, akafungwa miaka 5 kwa madai ya ujasusi wa Libya.

Hakuna mwana-USARF aliyepitia hayo, na anayeandika kana kwamba Mwalimu na Moi ni sahani moja anawadhulumu wote waliolala kwenye seli za Kenya.

Hata hivyo Nairobi inatufundisha kitu kimoja cha kiufundi. SONU ilipofutwa, hawakukataza wanafunzi kukutana. Waliwaachia vyama vya ustawi vya wilaya: wanafunzi wa Machakos wana chao, wa Kisii wana chao, wa Siaya wana chao. Vilifanya mambo halali kabisa, kama kukaribisha wanafunzi wapya, kuchangia msiba, kukodi basi la kurudi nyumbani likizo. Mbunge au waziri kutoka huko alikuwa mlezi wa kufaa, na mlezi ndiye anayetoa hela ya basi.

Ukichunguza vizuri, huo mfumo una nguvu kuliko marufuku. Marufuku inawaacha watu na kiu. Chama cha wilaya kinakata kiu, kinampa kijana uongozi, kinampa muhuri na barua yenye nembo, na kinamfanya mwanafunzi wa sheria na mwanafunzi wa uhandisi wanaolala chumba kimoja wawe na vikao tofauti kwa sababu mmoja ametoka ziwani na mwingine mlimani. Bweni moja, mikutano kumi, na hakuna hata mmoja unaoweza kusema "sisi wanafunzi".

Dar haikugawa kwa wilaya, na hilo ni jambo la kushukuru. Dar ilikusanya wote chini ya paa moja, ikaweka chama mlangoni.

Lakini MajiMaji iliendelea

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kuna ukweli unaopinga nilichosema.

Januari 1971, miezi miwili tu baada ya marufuku, jarida jipya lilitoka Mlimani. Jina lake MajiMaji, chini ya tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Roho ilikuwa ile ile, hoja zilikuwa kali kama zamani, na stensili bila shaka zilikatika "o" kama zamani. Liliendelea kutoka miaka ya 1970. Sasa kama jarida liliendelea, marufuku iliua nini?

Kwa muda nilidhani haikuua chochote. Vijana walibadilisha kofia tu.

Nilibadili mawazo nilipoacha kuangalia jarida, nikaangalia watu waliokuwa wanahitaji kutetewa. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliokataza viongozi kuwa na majivuno na ubabe. Wanafunzi waliusoma wakauamini. Julai mwaka huo rais wa DUSO, serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi ya kulalamikia uendeshaji wa chuo. Akaitwa ofisini. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakaja na silaha, wakamchukua mbele ya wenzake, akapelekwa Kenya. Wanafunzi waligoma, na baadhi ya wahadhiri walisimama nao.

Mgeni. Neno lile la Julai 1970 lilikuwa limefanya kazi. Mtanzania angeadhibiwa; Mkenya alirudishwa kwao, na mjadala ukageuka kuwa suala la uhamiaji. Na tawi la chama, hata kama lilijaa watu waliomhurumia, halikuweza kusimama likasema serikali ya chama imekosea, kwa sababu tawi ndilo chama. USARF ingeweza. Hilo ndilo lililokuwa limeuawa.

MUWATA

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga marupurupu mapya ya wabunge na mawaziri. Ukiyasoma madai yao leo utaona ni Azimio la Arusha tupu. FFU waliwasimamisha, na zaidi ya 300 wakafukuzwa.

DUSO ikavunjwa. Mahali pake ikawekwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya jumuiya ya vijana ya CCM, chama kilichorithi TANU na ambacho tayari kilikuwa kimeshika hatamu. Viongozi wake walichaguliwa na wanafunzi, ndiyo, lakini ndani ya nyumba ya chama. Ukitaka kulalamika kuhusu chakula, bumu (posho) au vitanda, unalalamika kupitia chombo kinachowajibika kwa yule yule unayemlalamikia.

Matokeo yake yalikuwa ya kutabirika na bado yananisikitisha. Malalamiko hayakuisha, yalikosa njia tu. Chuo kisicho na chombo cha kuaminika cha kusemea hakipati utulivu, kinapata kunji, yaani mgomo. Mwanafunzi anakaa kimya miezi, kisha siku moja kafeteria nzima inasimama, na hakuna kiongozi mwenye heshima ya kutosha kuwaambia wenzake twende mezani. Mwaka 1990 mambo yalifika pabaya hadi serikali ikakifunga chuo Mei, na hakikufunguliwa hadi Januari 1991. Ni katika miaka hiyo, chama kimoja kikiwa kinaelekea mwisho, ndipo wanafunzi walipopata DARUSO, chombo kisicho tawi la chama.

Miaka 20 ilikuwa imepita tangu USARF iambiwe haihitajiki kwa sababu tawi lipo. Katika muda huo walipita Mlimani maelfu ya wanafunzi ambao hawakuwahi kuona klabu ya siasa iliyoanzishwa na wanafunzi, ikaendeshwa kwa michango yao na kukosea kwa akili yao wenyewe. Wengi wao ndio waliokuja kuwa makatibu wakuu, majaji, wabunge na wakuu wa vyuo, na ndio waliokuja kupokea maombi ya vijana wanaotaka kusajili klabu. Fomu inauliza mlezi ni nani kabla haijauliza klabu inataka kufanya nini.